Kibao cha Ngazi ya Malkia

Jumamosi, asubuhi

Kwa Dada yangu Mwalimu,

Shikamoo, dada. Naomba Mungu barua hii ikukute umeketi mahali pazuri, goti lako la kushoto limetulia, na kile kikohozi ulichonilalamikia kimekuacha. Ukituuliza sisi, miili yetu haijambo. Tunaamka, tunakula, tunakwenda ibadani, tunarudi. Yaliyobaki nitakueleza taratibu, maana nimeshaanza barua hii mara nne na mara zote nne nikaishia kwenye salamu.

Kwanza nikuombe radhi kwa kimya changu. Barua zako tatu nimezipata zote, na simu zako nimezipokea, nami nikakujibu juu juu kuwa kazi zimenibana. Hazikunibana. Nilikuwa nakaa kwenye kibanda changu cha kuandikia vibao, brashi mkononi, nikitazama mbao tupu kama mtu aliyesahau herufi. Mwenye duka la dawa amefuata kibao chake mara mbili, na mara ya pili akaniambia kuwa kama nimezeeka niseme, atafute fundi mwingine.

Barua yako ya mwisho ninayo hapa mezani. Umenieleza kuwa mmekuwa watano sasa, wastaafu watupu, na tarehe mmeshaiweka. Umesema umenunua viatu vya mpira na kofia pana, na wenzako wanakutania kuwa unakwenda magofuni kama bi arusi anayekwenda kwa mumewe. Nilicheka, dada, ingawa kicheko hakikufika mbali. Umeniuliza maswali sita kwa namba, kama mtihani, na chini ya kila swali umeacha nafasi ya jibu. Mwalimu hastaafu, kweli.

Nimejaza manne. Basi la asubuhi linafika mjini kwetu kabla ya saa sita, na kutoka stendi hadi magofuni ni mwendo wa nusu saa kwa gari la kukodi. Nyumba ya wageni iko moja tu safi, ile iliyo nyuma ya soko, na mwenye nyumba ni mama mcha Mungu ambaye hapokei walevi. Maji ya kunywa mje nayo. Kupiga picha kunaruhusiwa, ila hawataki mtu aegemee kuta. Swali la tano na la sita nimeyaacha wazi. La tano uliuliza kama shemeji yangu Komeo atakuwa zamu siku hiyo, ili awatembeze yeye, maana nilikwisha kukusifia kuwa anayajua magofu yale jiwe kwa jiwe. La sita uliuliza kama ngazi ya ukumbi wa malkia inapandika kwa mtu mwenye goti bovu.

Najua kwa nini uliuliza la sita. Miaka thelathini na moja umewafundisha watoto wa watu habari za mji ule mkuu wa kale kwa picha moja tu ya kitabu, tena picha yenyewe ya kijivu kama moshi. Hata mimi ulinifundisha kwa picha hiyohiyo, nilipoacha shule darasa la tatu ukawa unanisomesha mwenyewe jikoni kwa kipande cha mkaa. Uliniambia malkia alikuwa akipanda juu ya ukumbi wake kila asubuhi kuhesabu moshi wa majiko ya mji mzima, na nyumba isiyotoa moshi akaipelekea mjumbe kuuliza kulikoni. Ulisema kabla hujafa ungependa kusimama pale aliposimama yeye. Na ni mimi niliyekuchochea. Nilikuandikia kuwa njoo, dada, umeshastaafu, unangoja nini, shemeji yangu ndiye mlinzi, nami wamenipa kazi ya vibao vyote vipya vya magofuni, utayasoma maandishi ya mdogo wako kila utakapopita.

Ile ngazi haipo tena. Iliporomoka. Na Komeo hatakuwa zamu, kwa sababu yuko mahabusu mwezi wa tatu huu.

Usiniulize kwa nini sikukwambia mapema. Ndiyo barua yenyewe hii.

Nianzie kwa Komeo, maana wewe ulimwona mara moja tu, siku ya harusi yetu, amevaa koti la kuazima. Ni kaka yake mke wangu, amemzidi miaka miwili. Watu walimpa jina la Komeo kwa kuwa tangu aajiriwe lango la magofuni halijawahi kulala wazi hata siku moja. Kusoma hajui. Wala haoni kuwa ni jambo la aibu. Husema kuwa Mungu alimpa macho ya kuona watu, herufi akawapa wengine. Tena ni mcheshi. Mimi alikuwa akinitambulisha kwa wageni kuwa huyu shemeji yangu kazi yake ni kuwapiga watu vibao, na mpaka leo polisi hawajamkamata. Wageni walicheka, nami nilicheka, na jioni alipopita kwetu alimrudia dada yake utani uleule na dada yake akamwambia kuwa umechuja, atafute mwingine.

Ngazi ya ukumbi wa malkia ilikuwa mbovu siku nyingi. Ukiikanyaga ilitoa vumbi kwa chini. Komeo alikuwa ameiziba kwa matawi ya miiba, na mgeni akikaribia alikwenda mwenyewe kumwambia kuwa asipande. Lakini wageni walilalamika kuwa miiba inawachania nguo, na kwamba mahali penye heshima kama pale hapafai kufungwa kama zizi. Ofisi ikaamua miiba iondolewe, kiwekwe kibao.

Karani wa ofisi alikuja kibandani kwangu akiwa na haraka, kesho yake alikuwa anakwenda likizo. Alinipa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya wino, orodha ya vibao sita. Lango kuu. Choo. Njia ya kisima. Usichore ukutani. Maji hayanywewi. Cha sita aliniambia kwa mdomo kuwa kitakaa penye ngazi ya malkia na maandishi yake yawe mekundu. Akaondoka. Sikumwuliza kitu. Unajua mimi katika kazi yangu sipendi kuuliza. Mwenye kuuliza huonekana hajui.

Sasa nisikilize vizuri, dada, hapa ndipo penyewe.

Neno la kibao cha sita lilikuwa moja, herufi kumi. Ubao uliobaki ulikuwa mwembamba, kwa sababu ule mpana nilikwisha kuutumia kwa lango kuu. Herufi kumi hazikuenea kwa mstari mmoja, labda niziandike ndogo kama za dawa. Basi nikalikata neno. Juu nikachora kwa penseli herufi nne, chini nikachora sita, nikauacha ubao ukae nikaenda kuswali. Niliporudi karatasi ya karani ilikuwa imelowa mafuta ya rangi, nilikuwa nimeipangusia brashi bila kuangalia. Nikautazama ubao. Juu umeandikwa HAPA. Chini umeandikwa PITIKI.

Nikajisemea kuwa PITIKI ni kitu gani? Hakuna neno kama hilo. Nikacheka peke yangu, nikasema hawa ndio wasomi wetu, mtu ana meza na kiyoyozi na hajui kuandika neno dogo. Nikaona amekusudia PITENI, mwandiko wake ndio mbaya, herufi mbili tu zimeharibika. Idadi ya herufi ilikuwa ileile sita. Hata kufuta sikufuta sana. Nikarekebisha I moja ikawa E, K ikawa N, nikapaka rangi nyekundu, nikaona jinsi ilivyopendeza. Wekundu nao niliuelewa, au nilidhani nimeuelewa; nikasema ni rangi ya heshima kwa sababu ya malkia. Chini pakabaki nafasi. Nikachora mshale, unaelekea juu.

HAPA PITENI.

Wewe ungesoma mara moja, ukanigonga kichwani kwa kidole. Ungesema soma yote pamoja, mdogo wangu, usikate neno kabla hujalimaliza. Karani aliandika HAPAPITIKI.

Vibao nilivipeleka mwenyewe siku ya Alhamisi, vimefungwa kwa magazeti. Karani alikuwa likizoni. Alinipokea Komeo. Yeye alivijua kwa alama nilizomfundisha: chenye ndoo iliyokatwa ni cha maji, chenye mlango ni cha lango, na chenye herufi nyekundu ni cha ngazi. Alikitundika palepale alipoambiwa, akaondoa miiba yake yote, akaichoma. Jioni alikuja kwetu amefurahi, akasema kuwa sasa mguu wake utapumzika, maana kibao kitakuwa kinawasemea wageni badala yake, na kibao hakichoki wala hakiendi kula.

Jumapili alasiri alinipigia simu. Alisema tu niende na chepe.

Nilikuta watu wameshatangulia. Ngazi yote ilikuwa chini na sehemu ya ukuta imeifuata. Aliyekuwa amepanda ni mke wa fundi saa, yule fundi mwenye meza ndogo kwenye kona ya posta, labda unamkumbuka. Walikuwa wametoka wawili siku hiyo, kutembea tu, watoto wao wameshakua. Tulichimba mpaka tukamfikia. Sitakuandikia tulichokiona. Nitakwambia tu kuwa kiatu kimoja kilikuwa bado mguuni na kamba yake imefungwa vizuri, kama ilivyofungwa nyumbani asubuhi.

Mumewe alikuwa ameketi juu ya jiwe. Miwani yake ya kusomea alikuwa ameiacha nyumbani. Alikuwa anawaeleza watu, bila kuulizwa, kuwa yeye alisita pale chini, na mke wake akamsomea kibao kwa sauti, akamcheka, akamwambia kuwa mwanamume mzima unaogopa ngazi, wenye magofu yao wanakukaribisha, wameandika piteni, wewe unataka wakuandikie barua? Akapanda wa kwanza.

Alipokuwa anasema hayo mimi nilikuwa nimeinama, nimeshika kona ya ubao uliofukiwa na kifusi, uso wake chini. Niliugeuza. Nikausoma. Dada, sijui nikueleze vipi. Nililitazama lile neno la juu na lile la chini, na zile herufi zangu mbili, na palepale karatasi ya karani ikanijia akilini kama ilivyokuwa kabla sijailowesha, neno zima, limeshikana. Nikalisoma moyoni pasipo kulikata.

Nilikuwa na gunia langu la vifaa. Komeo alikuwa upande wa pili, amebeba machela pamoja na wengine. Hakuna aliyekuwa ananitazama. Nikautia ubao guniani.

Huo haukuwa mpango. Naapa haukuwa mpango. Mkono ulifanya, akili ikafuata nyuma. Lakini tangu hapo kila kitu nilichofanya kilikuwa mpango, na hapo siwezi kuusingizia mkono.

Polisi waliniita kama walivyowaita wengine. Wakaniuliza niliandika nini kwenye kibao cha sita. Nikasema HAPAPITIKI. Karani aliporudi likizoni akathibitisha kuwa ndilo neno aliloniagiza. Wakatafuta kibao kwenye kifusi, hawakukiona. Wakamwita Komeo. Akasema alikitundika. Wakamuuliza kilisema nini. Akasema hajui kusoma lakini ni kile chekundu. Nasikia walicheka mle chumbani. Wakamwambia kuwa kingekuwepo kingeonekana, kwamba yeye aliondoa miiba akachoka kutundika kibao, na mama wa watu akafa kwa uvivu wake. Fundi saa akasema mke wake alisoma kibao. Wakamuuliza kama yeye alikisoma, akasema hapana, miwani hakuwa nayo, ila aliona wekundu. Wakamwambia, kwa upole lakini wakamwambia, kuwa wekundu aliouona ni wa baadaye.

Ndivyo alivyowekwa ndani.

Nyumbani kwangu tangu siku hiyo hakuna mazungumzo mengine. Mke wangu kila siku ya ruhusa anapika, anafunga chakula cha kaka yake, na kwa kuwa yeye akifika pale hulia akashindwa kusema, ananituma mimi. Anasema mimi ndiye mwenye moyo mgumu. Nimekipeleka chakula kile mara tisa. Ibadani nako watu wanatuonea huruma. Ijumaa moja waliniomba mimi, kama mtu wa nyumbani kwake na mtu mzima, niongoze dua ya kumwombea shemeji yangu haki. Nilisimama mbele ya watu, nikanyanyua mikono, nikaiomba haki kwa sauti, watu wakaitikia amina, na nilimsikia mke wangu amina yake imewashinda wote. Nilifikiri nitaanguka pale. Sikuanguka. Mtu haanguki kirahisi hivyo, dada; ningependa ningeanguka.

Ubao uko kibandani, nyuma ya makopo, umeelekezwa ukutani. Mara tatu nimefungua rangi nyeupe niufute, mara tatu nimefunga kopo. Usidhani ni wema. Niliogopa tu kuona herufi zangu zikipotea na mimi nikabaki.

Huenda ungesema, basi ni kosa, na baada ya kosa ni woga, na Mungu ni mwingi wa kusamehe. Nami nilijiambia hivyohivyo wiki nyingi. Lakini bado sijakwambia lililonifanya niandike leo. Hilo sijamwambia mtu, na katika sala nimekuwa nikilipita pembeni kama mtu anayepita nyumba ya anayemdai.

Wiki mbili zilizopita nilimpelekea Komeo chakula. Amekonda, shingo imekuwa ya mtoto. Hakukigusa. Aliniambia nisogee, akasema ana swali moja na kwamba ni mimi tu ninayeweza kumjibu, kwa sababu katika ukoo wote wa dada yake mimi ndiye mwenye herufi. Akasema amekaa humo ndani akifikiri mpaka kichwa kinamuuma. Yeye anakumbuka alikitundika kile kibao, anakumbuka hadi msumari uliopinda ikabidi aunyooshe kwa jiwe. Lakini fundi saa anasema mke wake alisoma neno piteni, na fundi saa si mwongo, na maiti naye hana haja ya kusema uongo. Basi akaniuliza, shemeji, katika vile vibao sita ulivyoniletea, ni kipi kilichoandikwa piteni?

Nilikuwa nimeshika kifuniko cha bakuli. Nakumbuka kilikuwa cha moto.

Nikamwambia hakuna.

Akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyeelewa hesabu, akasema basi amekwisha kujijua, ni kichwa chake ndicho kilichoharibika. Akasema labda hakukitundika kabisa, labda aliota, labda ule msumari ni wa kibao kingine, kwa sababu mimi siwezi kumdanganya na mama yule hakuweza kusoma kitu ambacho hakikuandikwa. Akasema alikuwa anashikilia kwa ubishi tu, ubishi wa mtu asiyesoma. Akanishukuru, dada. Alinishukuru kwa kumfungua macho. Akala chakula chote.

Wiki iliyofuata alisimama mbele ya hakimu akakiri kosa. Alisema hakukitundika kile kibao, na akamwomba fundi saa msamaha mbele za watu. Hukumu inasomwa Jumatatu hii.

Na fundi saa naye nimemuua kwa upande wake. Tangu Komeo akiri, anaamini hapakuwa na kibao, na kwamba mke wake alilitunga lile neno ili kumchokoza, apande naye. Amewaambia watu pale posta kuwa mzaha wake ndio uliomuua, na kaburini hajakwenda hata mara moja. Mwanamke alisoma sawasawa. Alisoma nilichokiandika, herufi kwa herufi. Sasa amelala chini na jina la mwongo, na aliyempa jina hilo ni mumewe, na aliyempa mumewe sababu ni mimi.

Ndiyo hivyo, Mwalimu wangu. Umekuwa ukinirudishia barua zangu na alama za kalamu nyekundu, hapa koma, hapa nukta, nami nikawa najivuna kwa majirani kuwa dada yangu hata uzeeni bado ananisahihisha. Hii usinirudishie. Iweke. Huenda ikahitajika mtu wa kuthibitisha kuwa niliandika mwenyewe, kwa mkono wangu, bila kulazimishwa.

Kuhusu safari yenu, waambie wenzako magofu yamefungwa. Ukumbi wa malkia hauna ngazi tena, na wageni sasa wanaishia langoni, wanatazama kwa mbali. Kama watapenda kuja kutazama kwa mbali, waje. Wewe nakuomba uje hata kama hakuna cha kutazama. Njoo kwa ajili ya wifi yako. Mimi sidhani kama mtanikuta nyumbani, na hata mkinikuta sijui kama atakubali kukaa nami chumba kimoja, na hana dada mwingine isipokuwa wewe.

Hapa niliacha kalamu, na saa nzima imepita.

Mke wangu aliingia, kikapu cha kaka yake kiko tayari mkononi. Akaniuliza naandika nini tangu alfajiri. Nikamwambia akae. Nikamsomea barua hii yote, kuanzia shikamoo. Sikuweza kumwambia kwa mdomo wangu, nikaona afadhali nisome, maana kusoma nimezoea kuwa ni kazi. Nilipofika kwenye lile neno "hakuna" alinizuia, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia tena nirudie. Nikarudia mara ya tatu.

Hakulia. Aliniuliza jambo moja tu. Alisema siku ile ya Jumapili niliporudi na gunia begani, yeye alinivua viatu, akanitilia maji ya kuoga, akanipangusa vumbi la yule marehemu kwenye nywele, na usiku kucha akanishika mkono kwa sababu nilikuwa natetemeka. Akataka kujua kama wakati wote ule kibao kilikuwa ndani ya gunia. Nikasema ndiyo. Akainuka akaenda kibandani.

Dada, ni desturi yangu kufunga barua kwa kukwambia kuwa wifi yako anakusalimu sana. Leo sina salamu zake. Sikuthubutu kumwomba. Amesimama mlangoni sasa hivi, amevaa viatu, anangoja nimalize mstari huu tuondoke, kwa sababu amesema kituo cha polisi hakifungwi Jumamosi na kaka yake hatalala humo usiku mwingine kwa neno langu. Kibao amekishika yeye mwenyewe. Nilitaka kukifunga kwa kitambaa tukipita mtaani. Amekataa. Amekigeuza maandishi yaelekee nje, na amesema nitangulie mbele yake, yeye atafuata nacho nyuma yangu, ili kila mwenye macho akisome.

Niombee, dada. Wasalimie wanao, na waambie mjomba wao bado yu hai.

Ni mimi, kitindamimba wenu, uliyenifundisha kusoma,

Mwandika Vibao